Mkono Aliouinua Ijumaa

Evanthia alisimama mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu, sanduku la bugatsa, andazi jembamba la krimu, mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ampende Sarina Beraha aliomba mlango usifunguliwe.

Mlango huo alikuwa ameungoja miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne ya kutembea ufukweni bila kushikana mikono, ya kuambiwa "bado, mama hajawa tayari," ya kurudi chumbani peke yake akinusa mkono wake kama una harufu ya nywele za Sarina. Halafu Jumanne Sarina akaingia duka la mikate, akasimama kwenye foleni kama mteja, na zamu yake ilipofika akainama juu ya kaunta akanong'ona, "Ijumaa. Wamekubali uje ule. Vaa lile shati la bluu." Evanthia alikuwa anapepea donge la unga, lile linalorushwa hewani mpaka linakuwa jembamba kama shela, akalikosa likaanguka sakafuni. Mwenye duka akamtukana. Hakusikia hata tusi moja.

Na leo ni Ijumaa, shati la bluu amevaa, na moyo umemjaa mawe.

Maana kabla ya kufika hapa alikuwa kikaoni. Umoja wa Upinde, kama walivyojiita, ulikuwa na kamati ya watu saba, na kesho yake Jumamosi saa kumi na moja jioni ndiyo maandamano yao ya kila mwaka, ya watu wanaopenda wa jinsia yao na wote wanaowatakia heri. Jambo la mwisho la kikao lilikuwa kikundi cha Wayahudi. Watu sita tu, na Sarina mmoja wao. Waliomba kutembea pamoja na wenzao wakiwa na nyota yao juu ya rangi za upinde wa mvua.

"Mimi sina neno na Wayahudi," alisema Lefteris, mwenyekiti, mtu mwembamba mwenye macho ya kuomba radhi. "Babu yangu alikuwa na rafiki Myahudi. Lakini kesho watu wakiiona ile nyota hawatawaona hawa sita. Wataona vita vya kule mbali. Watazomea. Siku itaharibika."

"Kwa hiyo?" akauliza Bi Aspasia, mzee kuliko wote pale, aliyewahi kupigwa mawe kwenye maandamano ya kwanza kabisa.

"Wavue nyota, au watie saini karatasi hii kwamba wanavikana vita vile. Wakikataa vyote, wabaki nje ya kamba inayozunguka msafara."

"Na sisi wengine tunatia saini lini?"

"Sisi hatuvai nyota, bibi."

Wakapiga kura. Watatu wakakubali, watatu wakakataa, na nyuso zote zikamgeukia Evanthia.

Sasa sikia. Pale kamatini kila mtu alijua kwamba Evanthia anapenda wanawake. Mji mzima ulijua. Alilisema kwenye televisheni bila kuficha uso, na mama yake kule kijijini akamsusa mwaka mzima. Lakini *nani* anampenda, hilo hakuna aliyelijua. Jina la Sarina hakuwahi kulitamka mbele yao. Alijiambia anailinda familia ya mwenzake. Kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kwa woga, na mtu akiwa kijana huvichanganya, na akishavichanganya hujiona muungwana.

Akainua mkono. Hakuuinua wote. Kiwiko kilibaki kiunoni, kiganja kikafika begani, kama mtu anayejikuna. Katibu akaandika: wanne.

"Ahsante," akasema Lefteris, akashusha pumzi. "Na kwa kuwa wewe ni mpole, kesho wewe ndiye utakayesimama kwenye kamba. Wakija na nyota, wasimamishe kwa maneno mazuri." Akampa filimbi ya wasimamizi. "Leo saa tatu nitawatumia ujumbe, wawe na usiku kucha wa kufikiri."

Evanthia alijua kwamba ujumbe huo hautasomwa. Ijumaa mishumaa ya Sabato ikishawashwa, simu ya Sarina hulala kwenye droo mpaka Jumamosi usiku nyota tatu zitoke, Sabato iishe. Wale wengine watano ni hivyohivyo. Wangekuja kesho mpaka kwenye kamba, wamependeza, wanacheka, hawana habari. Alilijua hilo kama anavyojua joto la tanuri. Akasema, "Sawa."

Mlango ukafunguliwa.

"Wewe ndiye muoka mikate," alisema mwanamke mfupi mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola.

"Ndimi, mama. Habari za jioni."

"Mrefu. Sarina hakuniambia kama u mrefu. Inama nikubusu, mimi sina ngazi."

Evanthia akainama. Bi Bienvenida, mama yake Sarina, akambusu shavu hili na hili, kwa haraka, kama anayepiga muhuri.

"Umeleta nini? Kina nguruwe?"

"Hapana mama. Siagi na krimu tu. Sarina aliniambia leo mnakula samaki, si nyama, kwa hiyo maziwa yanaruhusiwa."

"Siagi kaiyeyusha nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Hm," akasema Bi Bienvenida, na ile hm ingeweza kumaanisha lolote.

Akamkalisha, akamletea sinia la fedha: kibakuli cha sharope, sukari nyeupe iliyopigwa mpaka imekuwa laini kama povu zito, kijiko kimoja, bilauri ya maji. "Kijiko kimoja tu, kisha maji. Usirudie. Hatujui mdomo umetoka wapi."

"Mama!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia la korido.

"Nimesema nini? Usafi ni usafi."

Sarina akatokea. Nywele zilikuwa bado mbichi, zimelowesha mabega ya gauni. Mbele ya wazazi hakumgusa mgeni wake, alimtazama tu, na Evanthia akaona ndani ya macho yale furaha iliyomfanya atamani kufa. Ilikuwa furaha ya mtoto aliyekwishaambiwa kwamba safari ipo, na mizigo imefungwa.

"Umechelewa."

"Kikao kilirefuka."

"Wamesemaje kuhusu sisi?"

Kijiko kilikuwa mdomoni. Sukari ikamgandia kwenye ulimi. Angeweza kuimeza akasema. "Tutaongea," akasema.

"Vizuri au vibaya?"

"Tutaongea, roho yangu."

Bi Bienvenida aliposikia *roho yangu* akakohoa, akaenda jikoni, akaita kwamba anahitaji mtu mrefu wa kumshushia sahani.

Kabla Evanthia hajanyanyuka, mzee Mois, baba mtu, fundi wa miwani aliyestaafu lakini bado hutazama watu kama anawapima macho, alivuta droo ya kabati. "Simu," akasema. Sarina akaweka yake, mzee akaweka yake. "Mgeni si lazima."

Evanthia akaweka. Droo ilipofungwa akasikia nafuu, na papo hapo akaionea haya nafuu hiyo.

Nyuma ya mlango wa jikoni yalining'inia makoti sita meupe, mepesi, ya kiangazi. Bi Bienvenida aliligeuza moja. Mgongoni palishonwa tepe za rangi zote za upinde, moja chini ya nyingine, na katikati yake nyota ya ncha sita, uzi wa dhahabu, mishono midogo kiasi kwamba Evanthia alilazimika kusogea.

"Sarina alinijia na maneno ya bendera," alisema mama. "Nikamwambia, bendera mtaibebaje? Sabato hatubebi kitu nje. Koti ni jambo jingine, koti unalivaa. Kama mnatoka, mtoke mmevaa, na mtoke mmependeza."

"Umeshona wewe, mama?"

"Unataka nimpe yule? Yule anashona kama kuku anachakura."

"Nilidhani hukubali."

"Sikubali." Alimkabidhi sahani ya mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu tangu jana, yamekuwa ya kahawia kama mbao. "Mimi nilitaka mkwe. Nilikuwa nimeshampata, daktari wa meno, Athens, watu wetu. Unajua tumebaki wangapi mji huu? Kila mtoto tunamhesabu kwa kidole. Halafu wangu mimi ananiletea wewe. Mkristo. Mwanamke. Muoka mikate! Nikamwuliza Mungu, ulikosa jingine la kuongeza?"

Evanthia alicheka kabla hajajizuia. Mama naye mdomo ukamtetemeka pembeni, karibu acheke, kisha akaacha.

"Mama yangu aliivaa nyota hii, ya njano, kifuani, kwa amri, wakati ule wa vita vikuu. Alikuwa na miaka tisa. Alipona kwa sababu walimpandisha milimani kwenye gari la makaa. Nikuambie kitu? Mpaka anakufa hakumtaja hata mara moja aliyetoa amri ile wala aliyewakamata ndugu zake. Alimtaja jirani. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya barabara waliyekuwa wakibadilishana naye chumvi. Siku mama alipotoka na nyota, yule mwanamke alitazama chini, akavuka kwenda upande wa pili. Basi. Hakufanya kingine. Na huyo ndiye mama aliyemlilia uzeeni." Alilainisha koti kwa kiganja. "Nilipokuwa nashona haya vidole vilinitetemeka siku nne. Kisha nikasema, safari hii hakuna aliyeniamuru. Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Evanthia.

Lilikuwa neno la kweli, na katika maisha yake hajawahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Mishumaa ilikuwa miwili. Jua lilikuwa halijazama, dirishani bado kweupe, bahari kule mwisho wa mtaa imekuwa rangi ya shaba. Bi Bienvenida alijitandia kitambaa kichwani, akawasha, akazungusha mikono juu ya miali mara tatu, kama anayevuta maji kuelekea usoni, kisha akafunika macho kwa viganja vyote viwili. Sarina alisimama kando yake akafanya vilevile.

Evanthia alikulia kanisani. Ameona mishumaa ya Pasaka, maelfu, mpaka usiku ukawa mchana. Hakuwahi kuona moto mdogo namna hii ukanyamazisha nyumba kubwa namna hii. Mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe alikuwa hayupo. Mahali pake palisimama mtu ambaye nyuma yake walipangana mama yake, na mama wa mama yake, foleni ndefu ikashuka ngazi, ikapita mtaani, ikaenda mpaka huko isikoonekana. Na mbele kabisa ya foleni ni Sarina, nywele mbichi, midomo ikitembea bila sauti. Evanthia akajiona kama aliyeingia mahali patakatifu na viatu vyenye tope, na tope analijua yeye peke yake.

Sarina akaondoa viganja usoni, akamtazama, akatabasamu. "Sabato njema," akasema.

Evanthia alitazama chini.

Mzee Mois akainua kikombe, akaimba baraka ya divai kwa sauti ya pua, wakanywa. Sarina akaubusu mkono wa baba yake, akainamisha kichwa. Mzee akamwekea viganja viwili juu ya nywele, akanong'ona. Yule Sarina wa vipaza sauti, aliyewahi kumjibu polisi mpaka polisi akaomba radhi, alisimama kimya chini ya mikono ile na shingo imelegea kama ya mtoto anayeogeshwa.

Kisha mzee akageuka. "Na wewe, binti. Mezani kwangu hakirukwi kichwa."

"Mois," akasema Bi Bienvenida kwa ukali.

"Ni baraka, Bienvenida. Si hati ya ndoa."

Akainua mikono. Mikono mizee, yenye madoa, imetulia kwa sababu maisha yote ilishika vioo vidogo. Ilikuwa inakuja. Evanthia akarudi nyuma hatua, akagonga kiti.

"Usiniwekee mikono, mzee."

"Unaogopa Kiebrania?" akatania mzee.

"Mmenipa kiti, na mimi nimetoka kuwauza." Sauti ilitoka yote kwa mara moja, kama gunia lililopasuka. Aliwaambia habari za nyota, karatasi, kamba. Akawaambia tatu kwa tatu. "Wa nne nilikuwa mimi. Ujumbe watawatumia saa tatu, na najua hamtausoma, na sikuwaambia. Na kesho kwenye kamba wameniweka mimi. Niwazuie."

Mikono ya mzee ilibaki hewani muda kidogo, kisha ikashuka polepole, ikatua juu ya meza.

"Basi," alisema, taratibu. "Nitangoja."

Bi Bienvenida hakupiga kelele. Evanthia alitamani apige. Mama alimtazama tu kutoka chini kwenda juu, urefu wote ule, akatamka neno moja.

"Jirani."

Sarina alikuwa tayari yuko kibarazani. Evanthia alimfuata, mlango wa kioo ukafungwa nyuma yao, na chini mtaani watu walikuwa wanatoka kuogelea baharini, wanacheka.

"Saa ngapi hiyo?" Sarina hakugeuka.

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na umekaa nyumbani kwetu. Umekula sharope ya mama. Mama amekuonyesha makoti?"

"Amenionyesha."

"Na ukayatazama!"

"Niliogopa, Sarina."

"Ukaogopa nini wewe? Wewe uliyesema kwenye televisheni? Wewe mama yako alikususa hukurudi nyuma. Watu wamekutemea mate kwenye basi, mimi nimefuta. Uliogopa nini tena kilichobaki?"

Evanthia alishika chuma cha kibaraza. "Kwamba watajua ni wewe."

Sarina akageuka sasa, na Evanthia akaona kwamba halii. Afadhali angelia.

"Ngoja nikuelewe. Kumpenda mwanamke unakutangaza. Kumpenda Myahudi unakuficha."

"Sikusema hivyo."

"Umefanya hivyo."

"Mkono wenyewe sikuuinua wote."

"Eti?"

"Niliuinua nusu. Mpaka hapa."

Sarina alicheka, kicheko kibaya, kikavu. "Nusu! Mungu wangu. Na mimi kesho nizomewe nusu? Nirudi nyumbani nusu?" Alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. "Nikwambie kinachoniuma? Lefteris simjali. Lefteris ni Mkristo, kuna aliyemwekea karatasi atie saini kwa kila linalofanywa na Wakristo duniani? Hana hata hilo wazo. Hajui. Lakini wewe unajua. Wewe umelala na sikio lako juu ya kifua changu."

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo."

"Basi niache. Sema umeniacha, niondoke, nisiwaharibie siku yenu."

"Siwezi."

Uso ukamsaliti Evanthia.

"Usitabasamu!" Sarina alimnyooshea kidole. "Siwezi kwa sababu ni Sabato. Sabato hatuchani kitu. Karatasi hatuchani, uzi hatukati, nguo hatupasui. Kesho nyota tatu zikitoka nitakuwa huru kukuchana kama gazeti. Mpaka hapo bado ni wangu, hata kama nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Umesikia? Bado ni wangu. Na sikupendi hivi sasa. Na ni wangu."

Evanthia hakuwahi kusikia mtu akimwambia hivyo. Amewahi kupendwa na kuachwa, vyote anavijua, vina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Hiki hakukijua. Mwanamke amesimama mbele yake, ameumizwa, ana haki yote ya kufunga mlango, na kuna siku imeshuka kati yao kama mkono mkubwa, imemwambia *ngoja*, naye anaitii huku anatetemeka kwa hasira. Evanthia alimtazama kama mtu anavyotazama mlima alioishi chini yake miaka bila kuinua kichwa.

"Nirudi nikawaambie?" aliuliza. "Bado wapo pale uani tulipokaa kikao, wanakunywa."

"Usiende kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani, basi?"

"Ukienda kwa ajili yangu, siku ukinichoka mkono utapanda tena. Nenda ukiona huwezi kuishi nao, huo mkono. Ukiona unaweza, kaa ule samaki."

Evanthia alipita sebuleni. Mzee Mois alikuwa amekaa mbele ya sahani tupu. Bi Bienvenida alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa bado kichwani.

"Hujala," akasema mama, bila huruma na bila chuki.

"Nitarudi, mkiniruhusu."

Akatoka. Simu aliiacha kwenye droo.

Aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Mlango wa jengo ulikuwa wazi, ngazi hazionekani. Akanyoosha kidole kwenye kitufe cha taa, kile kinachowaka dakika moja kisha kinazima, na hapo akasikia pumzi. Mtu alikuwa amekaa juu, gizani, mahali fulani kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

Kidole kikasimama. Kama aliyekaa pale angekuwa mtu mwingine yeyote, angekuwa amewasha taa; Sabato Sarina hawashi.

Evanthia akateremsha mkono, akapanda akipapasa ukuta, ngazi moja, nyingine, mpaka kiatu chake kikagusa gauni.

"Nilidhani hunigoji," alisema.

"Sikungoji. Juu kuna joto."

Akakaa ngazi moja chini yake. Hawakugusana. Harufu ya sabuni ya nywele ilishuka ikamfikia.

"Wamesemaje?"

"Lefteris amesema kura ikishapigwa haifufuki. Ujumbe ameshautuma."

"Kwa hiyo ni vilevile."

"Kwa upande wao, vilevile. Mimi nimemrudishia filimbi yake. Kwenye kamba watatafuta mwingine." Alimeza mate. "Bi Aspasia amesimama akasema kesho yeye atatembea na nyinyi, hata kama ni nje ya kamba. Amesema yeye kwenye kamba hakuwahi kupendeza."

Gizani Sarina alitoa sauti ndogo, karibu na kicheko.

"Na Lefteris amelia," akaongeza Evanthia. "Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Eti kama angejua ni mpenzi wangu, wangetafuta njia."

"Njia gani? Mimi ningehesabiwa mzuri na wale watano wabaya?"

"Nilimwambia hivyohivyo."

"Kweli?"

"Si kwa ufasaha huo. Nilikuwa nalia na mimi."

Juu mlango wa nyumba ya Beraha ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Sauti ya mzee Mois ilishuka, anaimba peke yake, polepole, wimbo wa mezani, akisahau maneno na kuendelea na mvumo tu. Kisha sauti ya Bi Bienvenida ikamsahihisha. Samaki, bila shaka, alikuwa ameshapoa zamani.

"Kesho watawazomea," alisema Evanthia.

"Najua."

"Nitakuwa nanyi. Sikuombi jibu. Nakwambia tu nitakaposimama."

"Na mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Kesho usiku nitajua, au mwezi ujao, au sitajua."

"Nitangoja."

Sarina akasogea. Gauni likasikika, kisha goti lake likagusa bega la Evanthia, likabaki hapo, joto, zito, haliahidi kitu. Evanthia hakuthubutu kupumua kwa nguvu. Alikaa chini ya goti lile kama alivyoshindwa kukaa chini ya mikono ya mzee, na akaona ajabu kwamba mtu aliyekosa anaweza kuachiwa mahali padogo hivi pa kukaa, na papo hapo pakamtosha.

"Uliwaambiaje?" aliuliza Sarina. "Maneno yenyewe."

"Yote?"

"Yote."

"Niliwaambia, mwanamke ninayempenda anaitwa Sarina Beraha, binti wa Mois na Bienvenida. Nikawaambia babu zangu waliposhuka melini bandari hii, wakimbizi, hawana hata sufuria, watu wake walikuwa hapa tangu zamani, na walitupa nafasi ya kukaa. Nikawaambia leo nimemwinulia mkono, na sasa nauteremsha, andikeni au msiandike."



"Rudia," alisema Sarina. "Hapo penye jina langu tu."

"Sarina Beraha," alisema Evanthia. Ngazi zilikuwa tupu, za mawe, na sauti ikapanda ghorofa baada ya ghorofa, kubwa kuliko alivyokusudia. Kwenye ghorofa ya pili mlango mmoja ukafunguka, mwanga ukachungulia, kichwa cha mtu kikatokeza kuona ni nani.

Zamani angenyamaza. Akainua uso kwenye ule mwanga, akalitaja tena.